Hawajui kupika, au wewe hujazoea?

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu, na kiini chake ni hiki: "Kazi yangu ni ya safari, nakula mikahawani karibu kila siku. Kwenye kundi letu la marafiki tumezoea kutupiana maoni: huku wanapika vizuri, kule chakula dufu, kule pilipili tupu. Juzi nikasema watu wa eneo fulani hawajui kupika. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa huko huko, alichukia kweli, akaniambia mimi ndiye nisiyejua kula. Naomba uamue. Ladha ni suala la kila mtu na ulimi wake, au kuna mahali ambapo kweli hawajui kupika? Na je, mkahawa unatosha kunionyesha chakula cha watu?"

Ndugu yangu, swali lako lilinikuta jikoni miaka mingi kabla ya kunifikia kwa barua. Nimepika mikahawani, kisha nikafundisha wapishi, na somo gumu kuliko yote ni kuisoma sahani iliyorudishwa. Sahani ikirudi na chakula kimeguswa pembeni tu, mpishi mchanga hukasirika. Aliyekomaa huchukua kijiko akaonja, na anapoonja anajiuliza jambo moja: hiki kimeharibika, au huyu mgeni hajakizoea?

Wewe umeyachanganya hayo mawili. Kuku aliye mbichi kwenye mfupa ni kosa. Mchuzi uliotiwa chumvi mara mbili, kwa sababu wapishi wawili wamepita kwenye sufuria moja na kila mmoja akadhani mwenzake hajatia, ni kosa pia (na hutokea kuliko mnavyodhani, hasa saa ambayo oda zinamiminika). Lakini samaki aliyetokoswa kwa mvuke na tangawizi kidogo, akaletwa mezani mweupe bila rojo wala viungo vingine, si kosa hata kama wewe umemwona amepooza. Aliyempika alimtaka awe hivyo.

Nakwambia haya kwa sababu nami niliwahi kuaibika. Nilikuwa kijana, nimeshaanza kuvaa kofia ndefu ya mpishi na kujiona najua, nikaingia mkahawa mdogo mjini Firenze, Italia. Wakaniletea mkate kabla ya kitu kingine. Gamba lake limekauka vizuri, likapasuka chini ya kisu kwa mlio ule tunaoupenda sisi watu wa jikoni, na ndani umefura, unanukia ngano. Nikamega, nikatia mdomoni. Hamna kitu. Nikatafuna tena nikidhani labda ulimi wangu umelala. Hauna chumvi hata chembe! Nikamwita mhudumu, mzee mmoja, nikamwambia kwa upole wa kujifanya kwamba leo mwokaji amesahau chumvi. Hakubisha. Akaenda, akarudi na jibini la maziwa ya kondoo, gumu, lenye chumvi kali, pamoja na bakuli la supu ya maharage. Akachukua kipande cha mkate wangu, akaweka jibini juu, akanipa. Nikala, nikanyamaza. Kama ule mkate ungekuwa na chumvi yake, jibini lisingelika.

Watu wa Toscana, mkoa wenye mji huo wa Firenze, wameoka mkate usio na chumvi kwa karne nyingi, na tangu mwaka 2016 jina la mkate huo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: ukitia chumvi, huruhusiwi kuuita Pane Toscano. Yaani kile nilichokiita kosa ndicho sharti lenyewe. Kumbe nilikuwa nimeonja nusu ya chakula nikakihukumu chote. Watu wengi wanaoniambia kwamba chakula cha mahali fulani ni dufu, nikiwauliza walikula nini na nini, nagundua walikula ugali wa watu wakaacha mboga, kwa mfano wa kusema.

Sasa turudi kwenye ulimi. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwenye chakula mambo ni kinyume, kipya ni kidonda ingawa kinyemi. Tunapenda tulichozoea, na mazoea huanza mapema mno. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake wa kituo cha utafiti cha Monell, Philadelphia, walichapisha jaribio walilofanya na kina mama. Wengine walikunywa juisi ya karoti miezi ya mwisho ya ujauzito, wengine walikunywa wakati wa kunyonyesha, na kundi la tatu likanywa maji tu. Watoto walipofikia umri wa kula uji wa nafaka, wakapewa uliochanganywa na karoti. Wale waliokutana na karoti tumboni au kwenye maziwa ya mama waliupokea bila kukunja uso sana. Wa kundi la maji ndio waliokunja. Mtoto hajaota hata jino, tayari ana kwao.

Chumvi nayo ni hivyo hivyo. Mtu akiambiwa na daktari apunguze, wiki za kwanza kila anachokula ni kama karatasi. Akivumilia miezi miwili mitatu, siku moja atakula mchuzi wa zamani aliokuwa anaulilia na kuuona mchungu kwa chumvi. Mchuzi ni ule ule. Kwa hiyo unaposema eneo fulani "wanamwaga chumvi", unasema kitu cha kweli kuhusu umbali kati ya mdomo wako na wao, lakini hujasema bado kama wanajua kupika.

Pilipili inahitaji maelezo yake, maana ndiyo inayogombanisha watu kuliko vyote. Ukali wa pilipili si ladha kama utamu au uchungu. Kapsaisini, kemikali iliyomo ndani yake, huamsha kihisio cha mishipa ya fahamu ambacho kazi yake ni kutuonya juu ya joto linalounguza. Mdomo wako unaambiwa unaungua na hauungui. David Julius ndiye aliyekibaini kihisio hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 akapata Nobel ya tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Mwanasaikolojia Paul Rozin alikwenda kijiji kimoja cha Mexico ambako kila mtu anakula pilipili, akawajaribu mbwa na nguruwe wa pale. Wanyama hawa walikuwa wanakula makombo yenye pilipili miaka nenda rudi, lakini walipopewa nafasi ya kuchagua hakupata aliyependelea chenye pilipili. Watoto wa kijiji kile kile, kwa kukaa na wakubwa na kuonja kidogo kidogo, walifika mahali wanaidai wenyewe. Mpishi wa eneo la namna hiyo akionja sufuria yake, nyuma ya ule moto anasikia kitunguu, uchachu, harufu ya mbegu zilizokaangwa. Wewe husikii hata kimoja kwa sababu mdomo wako unapiga kengele ya hatari. Huwezi kutoa hukumu ya haki katika hali hiyo.

Lakini mwenzako naye asianze kusherehekea, maana ile kauli ya kila mtu na ulimi wake ina ukweli wake pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mkemia Arthur Fox wa Marekani alikuwa maabara akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, ukapeperuka. Mwenzake aliyekuwa karibu akalalamika kwamba unga ule ni mchungu sana kooni. Fox, aliyekuwa karibu zaidi na unga, hakusikia kitu. Wakabishana, wakaonja wote wawili, kila mmoja akabaki na msimamo wake. Baadaye ikabainika kwamba uwezo wa kuusikia uchungu huo ni wa kurithi. Watu wawili, chumba kimoja, unga mmoja, na wote wanasema kweli! Majani ya giligilani, au dania kwa wengine, yana kisa kama hicho: wapo wanaosikia harufu ya sabuni tupu, na utafiti umehusisha jambo hilo na jeni mojawapo ya kunusa. Ila tofauti hizi humtenga mtu hata na ndugu yake wa tumbo moja. Hazitoshi kueleza kwa nini mji mzima unapika hivi na mji jirani vile.

Hilo huelezwa na ardhi, maji na njia za biashara. Uchina, kwa mfano, ina mstari maarufu unaopita milima ya Qinling na mto Huai. Kusini yake mvua ni nyingi na watu wanalima mpunga, kaskazini ni pakavu zaidi na wanalima ngano. Basi kaskazini utakula tambi, mikate ya mvuke na vitumbua vilivyofungwa nyama, kusini utakula wali. Hakuna aliyekaa kikao akaamua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Japani, kwa sababu unaonyesha jinsi macho yanavyotudanganya. Nenda Tokyo uagize udon, zile tambi nene za ngano. Mchuzi utakuja wa rangi ya kahawa, tambi zikizama huzioni. Agiza kitu cha jina hilo hilo Osaka: mchuzi wa rangi ya chai hafifu, unaona mpaka chini ya bakuli. Mtu wa Osaka akiona bakuli la Tokyo husema wamemimina sosi ya soya yote. Wa Tokyo akiona la Osaka huuliza kama ni maji ya moto. Sasa sikiliza. Sosi ya soya ya rangi nyepesi wanayoipenda upande wa magharibi ina chumvi takriban asilimia 18, ile nyeusi ya mashariki takriban 16. Iliyo nyepesi kwa jicho ndiyo yenye chumvi nyingi. Mara ngapi umeliangalia bakuli ukasema "hiki hakijakolea" kabla hujaonja?

Na sababu ya tofauti hiyo si ujuzi wala uvivu. Mwani mkavu uitwao kombu huvunwa kaskazini, Hokkaido, na zamani ulisafirishwa kwa meli za wafanyabiashara zilizopita bahari ya magharibi hadi kufika Osaka. Upande huo ukawa na kombu ya kutosha, na maji yake ni laini, yanatoa ladha ya mwani vizuri bila kelele. Maji ya upande wa Tokyo ni magumu zaidi, kombu haitoi kwa urahisi, hivyo wakaegemea jodari mkavu aliyefukizwa moshi, na harufu yake kali ikaendana na sosi nyeusi. Kampuni ya Nissin inatengeneza udon ya kikombe, ile ya kumimina maji ya moto, iitwayo Donbei. Kwa mashariki mwa nchi wanatia mchuzi wa aina moja na kwa magharibi wa aina nyingine, na kwenye kikombe kuna herufi E au W. Kampuni haina undugu na upande wowote, inataka kuuza tu. Ila imeshajua kwamba ukimpa mtu wa Osaka mchuzi wa Tokyo hatanunua mara ya pili.

Wali pia. Kwa wengi wetu wali mzuri ni ule uliochambuka, punje moja moja, na ukishikana tunaita bokoboko na kumhurumia aliyeupika. Wapishi wa India na Pakistani wanaopika mchele wa basmati watakuunga mkono kabisa. Lakini Mjapani anataka punje zishikane, vinginevyo vijiti vyake vitaokota moja moja mpaka jua lizame, na kule Laos mchele wa kila siku hunata kiasi cha kufinyangwa kwa vidole na kuchovywa. Tofauti iko ndani ya punje: wanga wa mchele una sehemu iitwayo amilosi, na ikiwa nyingi wali huchambuka, ikiwa kidogo hunata. Mchele wa Laos karibu hauna amilosi. Hata ungemleta fundi wa biriani apike, usingechambuka.

Nije kwenye sehemu ya pili ya swali lako, ya mkahawa. Hapa nitakuwa mkali kidogo.

Mkahawa ni mtu asiyekujua anayekupikia kwa dakika kumi na tano. Hawezi kupika kama nyumbani hata akitaka. Ili sahani yako itoke haraka, kazi kubwa imefanyika asubuhi: vitunguu vimekatwa, nyama imeshaiva nusu, rojo limechemka kwenye sufuria kubwa na linasubiri. Mikahawa mingi ya mapishi ya Kihindi huko Uingereza ina sufuria moja ya rojo la vitunguu lililosagwa laini, na kutoka humo hutoka karibu kila mchuzi ulioandikwa kwenye menyu. Mpishi anaongeza krimu hapa, pilipili pale, jina linabadilika. Na kuna moto. Jiko la mkahawa wa Kichina lina nguvu mara kumi na zaidi ya jiko la nyumbani, ndiyo maana tambi zao za kukaanga zina ile harufu ya moshi ambayo wewe ukijaribu nyumbani unapata tambi zilizochemka kwenye maji yake zenyewe. Halafu kuna siagi. Kipande cha siagi baridi kinazungushwa kwenye mchuzi mwishoni kabisa, sufuria ikiwa imeshatolewa motoni, mchuzi unanenepa na kung'aa kama umepakwa vanishi. Sisi hatusemi tunatia kiasi gani, na wewe usiulize.

Kwa hiyo chakula cha mkahawa huegemea kwenye mafuta, chumvi, sukari na moto mkali, kokote duniani. Ukikila kila siku, kama unavyofanya wewe, ulimi wako unakuwa umekaa darasa hilo. Ndipo ukifika mahali ambapo mkahawa unapika kwa namna ya nyumbani, utasema chakula chao kimepooza. Nina shaka kwamba sehemu ya ugomvi wako na rafiki yako iko hapo. Ongeza kelele: mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba watu wakila huku wakisikia kelele kubwa, chumvi na sukari wanavisikia kwa udogo. Mpishi anaonja jikoni, wewe unakula chini ya spika.

Kingine ni kwamba bango la mkahawa linaweza kukutajia watu wasiohusika. Sehemu kubwa ya mikahawa inayoitwa ya Kihindi Uingereza ilianzishwa na watu wa Sylhet, ambako leo ni Bangladesh, na menyu yake ilitungwa kwa ajili ya Waingereza. Mwaka 2001 waziri wa mambo ya nje, Robin Cook, aliita kuku tikka masala chakula cha taifa cha Uingereza, na sioni kama alikosea. Marekani nako kuna kuku mtamu wa kukaanga anayeitwa wa Jenerali Tso, ambaye watu hudhani ni chakula cha Hunan, jimbo la Uchina. Kilibuniwa Taiwan na mpishi mzaliwa wa Hunan, Peng Chang-kuei, na hakikuwa kitamu kwa sukari. Sukari aliikuta kwa wenzake huko New York. Mtu akila hicho kisha akasema "watu wa Hunan wanapenda sukari", utamjibu nini?

Maoni ya namna hiyo yakishatoka hayarudi. Mwaka 1968 daktari mmoja, Robert Ho Man Kwok, aliandika barua fupi kwenye jarida la kitabibu la Marekani akieleza kwamba akila mikahawa ya Kichina husikia ganzi shingoni na mapigo ya moyo, akauliza sababu ni nini: sosi ya soya, mvinyo wa kupikia, chumvi, au ile glutamati inayotiwa kuongeza ladha? Alikuwa anauliza tu. Jarida likampa kichwa cha habari chenye jina la mikahawa ya Kichina, na kwa miaka mingi watu wakawa wanaumwa kichwa kila wakiona bango lenye herufi za Kichina. Majaribio ya baadaye, ambayo mlaji na mpimaji wote hawakujua nani amepewa nini, hayakuthibitisha madhara hayo kwa uthabiti. Glutamati hiyo hiyo, aliyoigundua Kikunae Ikeda ndani ya kombu mwaka 1908, imejaa kwenye nyanya mbivu na jibini la Parmesan. Sijawahi kusikia mtu akilalamika kuumwa kichwa na Parmesan.

Sasa uliniuliza waziwazi: je, kuna mahali ambapo kweli hawajui kupika? Jibu langu ni kwamba kuna mahali ambapo mikahawa ni mibaya, na mara nyingi ina sababu. Mkahawa hunyooshwa na mteja anayerudi. Karibu na kituo cha treni au sanamu maarufu, ambako mteja hupita mara moja maishani, hakuna wa kuunyoosha. Kuna pia maeneo ambayo watu wake hawali nje, chakula chao chote kizuri kiko majumbani, na mikahawa michache iliyopo ni ya wageni. Na kuna historia. Uingereza ilisifika kwa chakula kibaya kwa miongo mingi, na watu wanasahau kwamba chakula kiligawiwa kwa vitabu vya mgao tangu Januari 1940 hadi Julai 1954, miaka kumi na minne. Maziwa yaliagizwa yaende kwenye jibini la aina moja, na watengenezaji wa majibini ya zamani wakabaki wachache. Mtoto aliyezaliwa Vita vya Pili vya Dunia vinaanza alifika ujana hajawahi kuona siagi ya kutosha mezani. Utamwita asiyejua kupika?

Hata saa inaweza kukuponza. Hispania watu hula chakula cha mchana saa nane au saa tisa, na cha usiku saa tatu au nne usiku. Moja ya sababu ni kwamba mwaka 1940 saa za nchi zilisogezwa mbele zifuate za Ulaya ya kati na hazikurudishwa. Ukiingia mkahawani saa kumi na mbili jioni, jiko lenyewe halijawashwa sawasawa. Utapewa kiporo cha mchana, kisha utawasema Wahispania.

Basi utajuaje kosa? Mimi huangalia kwanza meza za wenyeji. Kama watu wazima wa pale, wanaojilipia, wanakula kitu kile kile na hawasukumi sahani, hapo nyamaza uonje tena. Pizza ya Napoli hukaa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi zaidi ya 430 kwa sekunde 60 hadi 90, na katikati yake hutoka laini, yenye majimaji. Mgeni aliyezoea pizza kavu ya kushikwa mkononi hudhani ni mbichi. Angalia pembeni: kama ukingo umefura na una madoa meusi meusi ya moto, imeiva. Kama ukingo umepauka na unga unanata menoni, hapo irudishe, una haki, na hata mwenyeji angeirudisha.

Cha pili ni kuangalia kama kosa linapingana na lengo la mpishi mwenyewe. Chakula cha kukaanga kinatakiwa kiwe kikavu nje, kokote duniani. Kikija kimelainika, kina mafuta yanayobaki kwenye kidole na harufu ya rangi ya ukutani, mafuta yamechoka. Ukipata nafasi ya kuchungulia jikoni, angalia karai: mafuta mazima hutoa mapovu makubwa yanayopasuka na kuisha, yaliyochoka hutoa povu dogo dogo la kudumu kama la sabuni, huwa mazito, meusi, na huanza kutoa moshi mapema. Hapo hakuna cha utamaduni wala mazoea. Vivyo hivyo samaki mwenye harufu ya shombo iliyopitiliza, wali wenye kiini kigumu karibu na wali uliovurugika katika sahani moja, chumvi iliyokolea upande mmoja. Hayo yaseme kwa sauti, na mtaje mkahawa, usiwataje watu wa eneo zima.

Cha tatu, muulize mhudumu "hiki kwa kawaida huwa hivi?" na umwangalie usoni badala ya kusikiliza jibu. Atakaposita, umeshajua.

Kuhusu rafiki yako, usimwombe radhi kwa maneno, hatakuamini. Mwambie akupeleke kwao, achague yeye mahali, saa na chakula, na wewe ule anavyokula yeye: kama anatumia mkono, tumia mkono, kama anachovya, chovya, kama hiki hakiliwi bila kile, kula vyote viwili. Watoto huhitaji kuonjeshwa kitu kigeni mara 8 hadi 15 kabla hawajakikubali, kwa hiyo mara moja haitoshi hata kwako. Baada ya hapo kama bado hukipendi, sema "sikukipenda", hakuna wa kukubishia. Na mezani kwake pilipili ikikuzidi, usidake maji, kapsaisini haiyeyuki kwenye maji na utaisambaza tu mdomo mzima. Omba maziwa.